Je, Mvi Huleta Akili ya Utawala?



Liko swali ambalo hurudi kila mara nchi yetu inapoukaribia uchaguzi. Kijana aliyekwisha kutimiza miaka 18, mwenye kadi ya kura mfukoni, humngojea mwalimu wa dini mpaka wenzake wamekwenda zao, kisha husema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, babu ametukusanya wajukuu wote. Ametuambia tumchague nani, na tena ametuambia ni watu wa kabila gani tusiwape kura wala chumba cha kupanga. Asema yeye ameishi na ameona, na sisi tuliozaliwa jana hatuna budi kunyamaza. Je, nikilikataa neno lake, nitakuwa nimeivunja amri ya nne ya Mungu?"

Swali hili ni zito kuliko lionekanavyo, kwa maana ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni hili: je, kuishi miaka mingi humpa mtu hekima katika mambo ya utawala wa nchi? Na la pili: ikiwa mzee hana hekima hiyo, kijana atamheshimuje? Watu wengi hulijibu la pili kabla ya kulitazama la kwanza. Sisi tutaanza mwanzo.

Katika nchi yetu ya Kongo wazee wana methali waipendayo sana: anachokiona mzee akiwa ameketi, kijana hakioni hata akipanda juu ya mti. Ni methali nzuri. (Wako wasemao kwamba ni wazee wenyewe walioitunga, nami sina la kuwajibu.) Lakini tuiangalie vema. Methali haituambii mzee yule ameketi wapi. Aliyeketi nyuma ya nyumba hatayaona yaliyo uani mbele, hata akikaa pale miaka 90. Neno hili la mahali alipoketi mzee mliweke akilini, maana tutalihitaji.

Kwanza lakini tuwape wazee haki yao. Mambo mengi ya utawala hayajulikani kwa kusoma. Hujulikana kwa kuyapitia. Mwaka 1967 serikali yetu ilipotoa fedha mpya iliyoitwa zaire, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwaka 1993, ilipotolewa zaire mpya, ilibidi kuleta zaire za zamani milioni 3 ili kupata moja tu. Mtoto wa shule akiyasoma hayo huona hesabu. Mzee aliyekwenda sokoni na mfuko umejaa noti akarudi na unga wa siku mbili, huyo aijua hesabu ile kwa tumbo lake, wala hawezi kuisahau.

Au tutazame tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na kutiwa mikononi mwa wananchi. Watu walishangilia. Nani asingeshangilia? Lakini wengi waliokabidhiwa mali ile walikuwa watu wa karibu na wakubwa; waliuza vilivyokuwamo dukani, hawakuagiza vingine, na baada ya muda mfupi rafu zikawa tupu, mlango ukafungwa. Leo akija mtu kijijini akiwaahidi watu kwamba atamnyang'anya fulani duka lake awagawie, kijana atapiga makofi. Mzee aliyeyaona ya 1973 atauliza: "Na chumvi ya mwezi ujao itatoka wapi?" Swali hilo moja lina thamani kuliko hotuba nzima, wala hakuna shule inayolifundisha.

Hata wenye elimu wa kale waliliona jambo hili. Aristotele, mwenye hekima wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristu, alifundisha kwamba kijana hafai kuwa msikilizaji wa mafundisho ya utawala, kwa sababu bado hajayatenda mambo ya maisha ambayo mafundisho hayo huyazungumzia. Wazee hupenda sana sehemu hiyo ya neno lake. Lakini yeye aliongeza lingine, nalo aghalabu huachwa: kwamba hakuna tofauti ikiwa mtu ni kijana kwa miaka au ni kijana kwa tabia, maana upungufu hautoki katika wakati, watoka katika kuishi kwa kuzifuata tamaa za moyo. Basi, kwa mwalimu huyo, yawezekana mtu awe na mvi kichwani na bado awe kijana. Tutawaona watu wa namna hiyo hivi karibuni, tena katika Maandiko Matakatifu.

Sasa turudi kwenye kile kiti cha mzee.

Hapa mjini Lubumbashi, na huko Likasi na Kolwezi, mkiketi na mzee aliyefanya kazi katika migodi, mara nyingi mtamsikia akisifu siku za kampuni. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, hospitali, shule ya watoto, na posho ya unga kila mara. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikia hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kazini kwa malipo ya mkupuo. Mzee aliyeyapitia hayo akisema, "Zamani palikuwa na utawala, leo hapana," msimcheke. Asema lile ambalo sahani yake imemfundisha.

Lakini toka mjini, nenda kijijini, kaa na mzee ambaye baba yake alilimishwa pamba au muhogo kwa lazima, akapigwa fimbo mbele ya watoto wake kwa kuwa shamba halikufika kipimo. Mwulize habari za siku zile zile. Au mtafute mtu ambaye babu yake alikuwapo hapa tarehe 9 Desemba 1941, siku ambayo askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara, wakafa makumi. Kampuni ni ile ile iliyogawa posho. Mmoja ameketi upande wa ghala la unga, mwingine upande wa bunduki. Wote wawili waweza kuapa kwamba wameona, na wote wawili wasema kweli. Umri wao ni mmoja, mvi zao ni nyeupe sawasawa, na katika mambo ya utawala hukata kauli zinazopingana.

Kumbe basi miaka peke yake haituambii neno. Kama miaka ingekuwa mwalimu mmoja mwenye somo moja, wazee wote wangefikia jibu moja, nasi tungepumzika. Ilivyo ni kwamba kila mzee ana ushuhuda, na ushuhuda ni kitu cha thamani kubwa, lakini shahidi si mwamuzi. Katika baraza la kijiji shahidi husema aliyoyaona, kisha hukaa chini. Hukumu hungoja mpaka na mashahidi wengine wamesikilizwa. Mzee anayetuambia, "Niliona," ni shahidi. Anapoendelea, "Kwa hiyo watu wale wote wako hivi, nanyi mfanye hivi," amekiacha kiti cha shahidi akakaa katika kiti cha hakimu, na mara nyingi hapana aliyemwona akihama.

Kuna jambo moja la nchi yetu ya Katanga linaloonyesha hatari ya kuhama huko, nalo si la kuzungumzwa haraka haraka. Mwandishi wa maneno haya alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni siku zile. Ayajuayo ameyapata kwa waliokuwapo na kwa vitabu.

Wakasai wengi hawakuja Katanga kwa kuvamia. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Na mwaka 1928 njia ya reli iliyopita Kasai ilifika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo. Migodi na reli vilihitaji mikono, na makampuni yakaandika watu kazi kutoka Kasai. Wakajenga, wakasomesha watoto, wakapata vyeo vya ukarani na ufundi. Desemba 1957 ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa makomini mjini hapa, wengi wa waliopata ukuu wa makomini ya Waafrika walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, hasa Kasai. Wenyeji waliumia moyoni. Walisema, "Sisi ni wenye nchi, na tunatawaliwa na waliokuja na gari la moshi." Mwaka 1958 kikaundwa chama cha Conakat, na tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Katika machafuko yaliyofuata, watu wengi wa Kasai, na Waluba wa kaskazini ya Katanga pia, waliogopa kuuawa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa hapa mjini. Katanga ilirudishwa ndani ya Kongo mwezi wa Januari 1963.

Ikapita miaka 30. Waliokuwa vijana wakawa wazee, au watu wazima wa kuheshimiwa. Mtu angefikiri kwamba waliojionea ya 1960 wangesema, "Tuliyaona yale, yasirudi kamwe." Lakini tazameni. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu badala ya Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Nguz alikuwa kiongozi wa chama cha UFERI, na gavana wa Katanga wakati huo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa wa chama hicho hicho. Wawili hao walizaliwa mwaka 1938. Mwaka 1960 walikuwa wamekwisha kupevuka na kuona kila kitu. Tena Kyungu alikuwa miongoni mwa wabunge 13 ambao mwaka 1980, pamoja na Tshisekedi mwenyewe, walithubutu kumwandikia Mobutu barua ya kumpinga. Walikuwa wameshirikiana katika hatari moja. Yote hayo, umri, mateso, urafiki wa taabu, hayakuwazuia wakuu wa jimbo kutangaza hadharani kwamba Katanga ni ya Wakatanga na kwamba mgeni arudi kwao.

Wakubwa walisema, vijana wa chama walitenda. Nyumba ziliporwa, watu walipigwa na kuuawa. Likasi, na baadaye mwezi wa Machi 1993 Kolwezi, familia za Wakasai zilijaa katika stesheni za reli, zikilala chini ya turubai na mabati, zikingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai, nchi ambayo watoto wao wengi hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa pale pale kwa kuhara na surua, au njiani ndani ya mabehewa, na waliokufa zaidi walikuwa watoto. Walioondoshwa Katanga walikuwa mamia ya maelfu.

Basi tujiulize kwa utulivu: wazee wa 1992 walikosa nini? Hawakukosa maarifa ya maisha. Waliyakumbuka ya 1957 na ya 1960 kuliko mtu yeyote. Maarifa yao yenyewe ndiyo waliyoyafanya kuni za moto. Walikumbuka vema uchungu wa kutawaliwa na mgeni katika nchi yao. Ile kambi ya 1961, na mama aliyekimbilia mle na mtoto mchanga, hiyo haikuwa jeraha lao, nao hawakuikumbuka, au waliikumbuka kama jambo lililowapata watu wengine. Kila mmoja huhesabu miiba iliyomchoma mguuni mwake. Na mtu anayekumbuka jeraha lake peke yake kwa miaka 30, kila mwaka huongeza chumvi. Miaka ikiwa mingi hapo, ubaya huzidi kukomaa.

Sasa twaweza kufungua Maandiko. Wengi wenu mmesikia habari za mfalme Roboamu, mwana wa Solomoni. Watu wa Israeli walimjia wakamwomba awapunguzie mzigo ambao baba yake aliwatwika. Wazee waliomtumikia Solomoni walimshauri aseme nao kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye walimshauri awatishe kwa ukali mkubwa zaidi. Akawafuata vijana, na makabila 10 yakamwacha. Walimu wengi hukomea hapo wakisema: mwaona, wasikilizeni wazee! Lakini someni mbele kidogo katika kitabu hicho hicho cha Wafalme, mtakuta kwamba Roboamu alipoanza kutawala alikuwa na umri wa miaka 41. Na wale "vijana" walikuwa wamekua pamoja naye. Hao walikuwa watu wazima wenye ndevu, baba wa watoto! Maandiko yawaita vijana, nasi twamkumbuka Aristotele na neno lake juu ya ujana wa tabia. Walikulia katika nyumba ya mfalme, wakala mezani pa mfalme, wala hawakupata kuisikia sauti ya mtu aliyebeba mawe. Wazee wale walipokuwa wakimtumikia Solomoni walikuwa wameyasikia malalamiko ya watu. Hiyo ndiyo tofauti iliyowatenga: mmoja amesikia nyumba mbili, mwingine nyumba moja.

Kisha fungueni kitabu cha Danieli, mahali pasimuliapo habari za Susana. Hapo mambo yamegeuka. Waovu ni wazee wawili, tena waamuzi wa watu, nao wasadikiwa na mkutano mzima kwa sababu ni wazee. Susana ahukumiwa kufa. Kijana Danieli ndiye apazaye sauti. Wala hakusema, "Mimi ni kijana, zama zenu zimepita." Alifanya jambo dogo ambalo kila baraza lingeweza kulifanya, lakini hofu ya mvi iliwazuia: aliwatenga wazee wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake, "Uliwaona chini ya mti gani?" Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti mwingine. Uongo ukaanguka.

Chini ya mti gani? Ningependa swali hilo likae midomoni mwa vijana wetu. Mzee anaposema, "Watu wa kabila lile ni wezi, niliwaona," kijana na aulize kwa adabu, huku amepiga goti kama ilivyo desturi: "Babu, ulimwona nani? Mwaka gani? Alikuibia nini? Na jirani yake wa kabila lile lile, yeye alikufanyia nini?" Mzee mwenye hekima hufurahia maswali hayo, kwa sababu yampa nafasi ya kusimulia. Yule ambaye hasira ndiyo mali yake yote hukasirika zaidi, na hapo kijana amepata jibu bila ya kumvunjia mtu heshima.

Vijana wanaosoma haya wasianze kucheka. Historia ya nchi yetu haiwapi sababu ya kujivuna. Mwaka 1960 viongozi wetu karibu wote walikuwa vijana: Patrice Lumumba alikuwa na miaka 34 siku ya uhuru, Tshombe 40. Kabla mwaka haujaisha, taifa lilikuwa limekatika vipande, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa karibu na mji wetu huu. Mobutu alitwaa utawala mwezi wa Novemba 1965 akiwa na miaka 35, akashangiliwa kama kijana atakayewafagia wazee wagomvi. Alikaa miaka 32. Je, maarifa yalimfundisha? Tarehe 24 Aprili 1990, akikaribia miaka 60, alikubali mbele ya taifa vyama vingi, na machozi yalimlengalenga. Hazikupita wiki tatu, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa mabwenini mwao na kuuawa. Idadi ya waliokufa yabishaniwa hata leo. Joseph Kabila naye alishika nchi mwezi wa Januari 2001 akiwa na miaka 29, umri ambao katiba ya 2006 isingemruhusu hata kugombea urais, kwa kuwa yadai miaka 30. Katika ujana wake huo aliketi na maadui zake, vita ikapungua, uchaguzi ukafanyika mwaka 2006. Alipokuwa na maarifa ya miaka 15 ya utawala, ilikuwa Desemba 2016, muda wake ukaisha, naye hakuondoka mpaka Januari 2019. Mwenye kutafuta kanuni ya umri katika habari hizo atatafuta sana.

Majirani zetu nao wana mengi ya kutuambia. Kule Uganda, Yoweri Museveni alipoingia madarakani mwaka 1986, mwenye miaka 41, alisema kwamba taabu ya Afrika ni viongozi wasiotaka kuondoka. Mwaka 2005 ukomo wa vipindi uliondolewa katika katiba. Desemba 2017, yeye akiwa na miaka 73, bunge likaondoa pia sharti kwamba mgombea urais asizidi miaka 75. Kijana aliona kweli ambayo mzee aliisahau, na ni mtu mmoja. Kule Tanzania yalikuwa kinyume. Julius Nyerere ndiye aliyeijenga nchi ya chama kimoja, ikawa hivyo kwa sheria tangu mwaka 1965. Mwaka 1990, akikaribia miaka 68, alisema mbele ya watu kwamba sasa si dhambi kuzungumza juu ya vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Étienne Tshisekedi wetu alikuwa waziri wa Mobutu wa mambo ya ndani, na alikuwa miongoni mwa walioshughulikia maandishi ya msingi ya chama cha MPR mwaka 1967. Mwaka 1980 alitia sahihi barua ile ya wabunge 13, na mwaka 1982 akawa mmoja wa walioanzisha UDPS. Mtu aweza kuwapenda watu hawa au asiwapende. Mimi naona jambo moja tu kwao: maarifa yaliwageuza kwa sababu waliyaacha yawashtaki wao wenyewe kwanza. Nyerere hakusema, "Niliona makosa ya wengine." Alikitazama kitu alichokijenga kwa mikono yake akauliza kama bado chafaa.

Na hiyo ndiyo alama ninayowapa wakatekumeni wangu wanaponiuliza, "Mwalimu, tutamjuaje mzee mwenye hekima katika mambo ya nchi?" Msikilizeni anaposimulia. Je, katika hadithi zake pana siku hata moja ambayo watu wa upande wake walikosa? Je, mgeni katika hadithi zake ana jina, ana mke, alimwazima jembe? Au upande wake ni malaika tangu 1960 hata leo, na upande wa pili ni fisi wasio na majina? Mzee wa namna ya kwanza, mkalieni karibu, hata kama hajui kusoma. Yule wa pili mpeni chakula chake, mchotee maji, mfunikeni blanketi wakati wa baridi ya Juni, na kura yenu kaeni nayo wenyewe.

Na amri ya nne? Kanisa limetufundisha sikuzote kwamba amri hiyo yatudai heshima, upendo na msaada kwa wazazi, na utii katika mambo yaliyo halali. Wala hakuna mzazi awezaye kumwamuru mtoto kumchukia mtu ambaye Mungu amemwumba, kwa kuwa mzazi mwenyewe yuko chini ya Mungu huyo huyo. Sheria ya nchi nayo imempa mzee kura 1 na kijana kura 1. Haikumpa babu kura 9 kwa ajili ya wajukuu wake 8. Kijana anayeingia peke yake katika kibanda cha kura hakumkimbia babu yake mle ndani. Amekwenda kufanya kazi aliyopewa yeye, na atakayeulizwa juu yake ni yeye. Akitoka, na apite kwa babu, amsalimu, amsaidie kutembea mpaka kituoni naye apige ya kwake.

Neno moja limebaki. Katika miji yetu ya Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, na katika vijiji vilivyo kando ya reli, wako bado wazee ambao mwaka 1992 waliwaficha jirani zao Wakasai chini ya kitanda, au waliwasindikiza usiku, au waliwatunzia ufunguo wa nyumba. Hawasimulii sana, katika mikutano ya siasa hakuna anayewaita jukwaani. Waliyasikia maneno yale yale ya 1957, waliishi siku zile zile za 1960, na wengine waliumia kwelikweli. Kama katika mtaa au kijiji chenu yuko mzee wa namna hiyo, nendeni kwake kabla hajafa. Mwulizeni ni jambo gani aliloliona yeye ambalo mwenzake wa nyumba ya pili, mwenye umri kama wake, hakuliona. Na mwenzake huyo pia, ikiwa yu hai na anakubali kusema, mwulizeni vivyo hivyo, kila mmoja peke yake.